Chumvi Yangu na Gundi ya Shangazi

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Kabla hujachukua kalamu nyekundu kunisahihisha mwandiko, pokea kwanza salamu zangu, halafu uendelee na ukatili wako. Mimi nipo, nakula, nalala, na shati ulilonipa siku ya kuondoka bado lina vifungo vyote isipokuwa viwili. Nimesikia mke wa kaka amejifungua mtoto wa kike na eti anafanana na mimi. Mpe pole mtoto.

Ulisema simu hutaki kwa sababu nikibanwa nakata. Haya, kwenye karatasi sina pa kukatia. Umeshinda.

Sasa kaa vizuri usikie cheo changu. Hapa maabara mimi ni mtu wa tatu kwa ukubwa. Wa kwanza ni Daktari, na usifikiri ni wa sindano. Huyu ni mama mmoja mwembamba aliyesoma kemia mpaka vitabu vikamwishia. Wa pili ni Mashine inayosoma vimiminika na kusema ndani yake mna nini, ambayo Daktari anaiheshimu kuliko anavyoniheshimu mimi. Wa tatu ni mimi, niliyeacha shule kidato cha pili. Wa nne hayupo.

Kazi yetu ni hii. Mafuta yanayotoka ardhini ni mchanganyiko. Ndani yake mna watu wapole, wanaungua tu na kwisha. Na mna ukoo mwingine unaoitwa aromatiki, jina hilo wamepewa kwa ajili ya harufu. Wananukia, lakini roho zao mbaya. Viwanda vinawataka kwa kutengenezea rangi na plastiki, ila kwenye mafuta ya kuchoma hawatakiwi. Ukichemsha ili uwatenganishe, wapole na wabaya wanatoka pamoja kama wameshikana mikono. Zamani walitenganishwa kwa dawa kali zinazotoa mvuke wa sumu. Daktari anatumia viyeyusho vya kijani. Mimi siku ya kwanza nilitafuta hicho cha kijani kabati zima, kumbe ni cheupe kama maji! Kijani maana yake hakidhuru watu wala mito. Kinatokana na chumvi moja wanayotia kwenye chakula cha kuku, ukiipasha moto pamoja na glisirini, ileile ya kupaka midomo. Vinayeyukiana, vinakuwa kimiminika kizito kisicho na harufu.

Ukikimimina kwenye mafuta na kutikisa, kinafanya kama wewe unapoingia kwenye kikao: wambea wote wanahamia upande wako, wakimya wanabaki walipo. Ukingoja kidogo unaona tabaka mbili. Unafungua bomba la chini, wambea wanatoka na kiyeyusho. Kupima ile chumvi, kuikausha, kuchanganya, kutikisa, vyote ni mimi. Daktari anaandika tu.

Jambo moja la mwisho. Juzi alifungua chupa ya benzeni, mkubwa wa ule ukoo, akanionyesha harufu yake kwa mbali, kwa kupunga mkono. Nikasema, "Hii naijua. Hii ni aproni ya shangazi yangu." Nilidhani atacheka. Akaniuliza unafanya kazi gani. Nikamwambia unabandika soli za viatu kwa gundi, miaka na miaka. Akasema benzeni inaingia mpaka ndani ya mifupa, kule damu inakotengenezwa.

Karakana mnafungua madirisha? Nauliza tu. Na bahasha zako acha kuzifunga kwa gundi ya soli. Hii ya mwisho nimeifungua kwa bisibisi.

Mwanao,
Mtu wa Tatu


2 Machi

Kidomo,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa kalamu nyekundu. "Mashine" haiandikwi kwa herufi kubwa hata kama inakuzidi cheo.

Huku sote tupo. Mtoto wa kaka yako anafanana na wewe kweli, analia kabla hajaguswa. Paa la jikoni limezibwa. Jirani yetu mshona mapazia amenunua miwani na sasa anaona kila kitu, hata visivyomhusu.

Karakana tuna dirisha moja, na wanaokaa karibu nalo ni washonaji, kwa sababu wanahitaji mwanga. Sisi wa gundi tuko nyuma. Gundi haihitaji mwanga, inahitaji mkono. Miaka ishirini na miwili nimepaka gundi, na hakuna soli yangu iliyorudi. Hata Fundi Mkuu akitaka kiatu cha kuonyesha wageni anasema, "Kipelekeni kwa Mama Gundi." Hiyo gundi ndiyo iliyokununulia daftari ukalichora masharubu. Usije ukaitukana mbele ya watu wenye digrii.

Bahasha nafunga kwa gundi yangu kwa sababu ile ya posta ni ya kulamba tu. Kitu nilichokifunga mimi hakifunguki njiani.

Hilo doa hapo pembeni ni chai.

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena. Huku mvua imeanza na haina mpango wa kuondoka. Bweni letu lina kamba moja ya kuanikia na wanaume tisa, kwa hiyo nguo zetu zinanuka kama kisima. Pamoja na hayo nimenenepa. Mlinzi wa getini ananiita Bosi, nami sijamsahihisha.

Kazini mambo yamepinda kidogo. Mwezi uliopita kiyeyusho chetu kilikuwa kinavuta aromatiki vizuri kabisa. Sasa kimelegea. Unatikisa, unangoja, tabaka mbili zinakuja kama kawaida, lakini mashine ikisoma tabaka la juu inakuta wale wabaya bado wamejaa, wamekaa kama wenye nyumba. Daktari amebadilisha vipimo mara nne. Anavua miwani na kuisugua. Nimemwambia labda mashine imechoka. Akanitazama mpaka nikaenda kuosha chupa ambazo zilikuwa safi.

Nataka uniletee kitu: chupa ndogo ya ile thina mnayozimulia gundi. Dereva wa lori la ngozi anapita huku kila mwezi, mpe. Nitaitia kwenye mashine tujue ndani mna nani. Kama ni wapole, nitakuomba radhi kwa mwandiko mzuri.

Halafu, hilo doa. Shangazi, mimi nimekuwa nikimwaga chai kwenye karatasi tangu darasa la kwanza, naijua chai inavyokauka. Chai ya wapi inakauka rangi ya kutu? Na nilipokuja likizo ulikuwa na alama za bluu kwenye mikono, ukasema uligonga meza. Mikono yote miwili, meza moja?

Nijibu hilo, usinijibu mwandiko.

Mwanao


25 Aprili

Kidomo,

Marahaba. Sote wazima. Chupa sitaki kumpa dereva, ikimwagikia ngozi za watu nitasema nini.

Usihangaike tena na habari za gundi. Nimeiacha. Tangu mwisho wa mwezi uliopita nashona tu.

Fanya kazi. Vaa soksi kavu.

Shangazi


3 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako ilikuwa na mistari sita. Wewe ambaye hata orodha ya vitu vya dukani unaiandika kurasa mbili. Nimeisoma, nikafurahi kwamba umeacha gundi, nikataka kuirudisha kwenye bahasha. Hapo ndipo nikaona kwamba bahasha nimeifungua kwa bisibisi.

Nikainusa. Nikampelekea na Daktari, yeye akapunga mkono ule wa kwake, akasema, "Hii ni mbichi."

Shangazi! Mtu anaandika kwamba ameacha gundi, halafu anaifunga barua hiyohiyo kwa gundi? Ningekuwa mimi nimefanya hivyo ungenisimulia mpaka kwenye harusi yangu. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Baadaye sikucheka.

Lakini sina haki ya kukusema sana, kwa sababu na mimi nina langu. Sijamwambia mtu. Nakwambia wewe kwa kuwa uko mbali na huwezi kunifikia kwa mwiko.

Umeniandikia nivae soksi kavu. Mimi soksi zangu zote ni kavu. Nitakwambia kwa nini.

Ile chumvi ya kuku ina tabia moja: inakunywa maji ya hewani. Ukiiacha wazi asubuhi, mchana inang'aa kama uso wa mtu aliyepaka mafuta. Ndiyo maana kazi yangu ya kwanza ni kuikausha kwenye tanuri la maabara siku nzima kabla ya kuipima. Tanuri hilo lina moto wa polepole, rafu mbili na mlango mzuri. Chumvi inakaa rafu ya chini. Rafu ya juu ilikuwa tupu. Mvua inanyesha. Kamba ni moja. Wanaume tisa.

Umeshaelewa.

Tangu Machi nimekuwa nikikausha soksi zangu juu ya ile chumvi. Na suruali mara mbili. Zilitoka kavu na joto kama mkate, nikajiona mwerevu kuliko bweni zima. Wiki iliyopita ndipo Daktari alipotaja kwa bahati tu kwamba mchanganyiko wetu ukiwa na maji unapoteza nguvu ya kuvuta aromatiki. Nilisikia masikio yakipata moto. Maji yote ya soksi zangu yalikuwa yanapanda mvuke mle ndani, na chumvi inayanywa. Mimi naitoa, naipima, naandika "kavu", natia sahihi.

Sasa Daktari anaandika ripoti. Ataeleza kwamba mchanganyiko huu haufai, warudi kwenye zile dawa za zamani zenye mvuke. Miaka mitatu ya kazi yake. Ripoti inaondoka mwisho wa Juni. Nikisema, nimekwisha: kazi hii sikuipata kwa cheti, niliipata kwa sababu aliniamini siku ya kwanza nilipomwambia kwamba sijui. Nisiposema, hakuna atakayejua milele.

Unanishauri nini? Usinicheke sana.

Mtu wa Tatu (kwa sasa)


28 Mei

Mwanangu,

Nimecheka. Samahani, nilijizuia mpaka ukurasa wa pili. Nilipofika kwenye suruali jirani aligonga ukuta kuuliza kuna nini. Msomi wa kemia, na mashine yake, wameshindwa na soksi zako!

Sasa nimemaliza. Nisikilize.

Mwaka wangu wa tatu karakana nilibandika soli za viatu arobaini juu ya ngozi yenye unyevu. Nilijua ina unyevu. Nilikuwa na haraka, nikasema itashika. Kwa macho ilishika. Nilikaa siku mbili navitazama pale rafuni, vimepangwa, vinang'aa, na kila mtu akipita anavisifia. Siku ya tatu nikamwendea Fundi Mkuu wa wakati ule, mzee mkali kuliko huyu, nikamwambia vyote arobaini vitang'oka. Akanitukana mpaka mate yakamkauka. Kisha akaniambia nikae nivifumue. Nilivifumua wiki nzima. Baada ya hapo ndipo nilipopewa benchi la gundi, na hilo jina la Mama Gundi. Kwa nini, hakunieleza, na mimi sikumuuliza.

Kwa hiyo mwambie. Usimwambie kwa vichekesho vyako. Ingia, simama, sema "nilikausha soksi kwenye tanuri", kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kutakakokushinda, jizoeze njiani.

Ya kwangu yaache.

Ila kwa kuwa hutanyamaza, nimempa dereva wa lori ile chupa. Imefungwa vizuri, unajua kwa nini. Kwenye lebo wameandika haina benzeni, nilisoma mwenyewe kwa miwani ya jirani. Uitie kwenye hiyo mashine yako, uniombe radhi, tumalize.

Shangazi yako


17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimesema.

Niliingia, nikasimama, nikasema maneno yako yaleyale. Daktari alikuwa amekaa na ile ripoti mbele yake. Akavua miwani. Nikanyamaza, Shangazi, nilinyamaza mpaka nikasikia friji. Hatimaye akauliza, "Jozi ngapi?"

Nikasema, "Nne. Na suruali."

"Suruali!" akasema, kana kwamba soksi angeweza kuzisamehe.

Alitoka nje akasimama kwenye veranda, kama nusu saa hivi. Aliporudi alichukua kalamu akakata mstari kurasa kumi na moja, moja baada ya nyingine, taratibu, mimi nikitazama. Halafu akasema, "Anza upya. Kausha. Tanuri litakuwa na kufuli na ufunguo nitakuwa nao mimi." Cheo changu kimeshuka. Sasa wa tatu ni tanuri.

Lakini nipo. Na chumvi ilipokauka kweli, tukachanganya, tukatikisa, mashine ikasoma, Daktari akasoma karatasi mara mbili, akaniambia nikamletee chai. Kwake hiyo ni sherehe. Ripoti inaandikwa upya, na mchanganyiko wetu umo, na sahihi yangu imo, na soksi zangu zimo, kwa lugha ya heshima: "unyevu kutoka chanzo cha nje".

Sasa chupa yako. Mashine haijui kusoma lebo. Iliikuta benzeni humo ndani, tena nyingi, na nduguze wengine. Daktari aliniita nione mwenyewe ule mstari ulivyopanda kwenye karatasi, umesimama kama mlingoti; nakutumia nawe uuone. Sikuomba radhi.

Akaniachia thina iliyobaki niifanyie kazi. Nikaipitisha kwenye kiyeyusho chetu. Natikisa, nangoja, natoa tabaka la chini, naweka jipya. Mara ya kwanza benzeni ilipungua kidogo. Ya pili ikapungua tena. Mara ya nane mlingoti ulikuwa kijiti. Ningeweza kujisifu hapa kurasa tatu, unanijua. Lakini nilikuwa nimesimama na ile chupa mkononi nikitazama zile tabaka mbili zikijitenga, safi, na nikawaza kitu kimoja tu: kilichotoka humu hakijatoka kwako. Wewe siwezi kukutia kwenye chupa nikakutikisa nikangoja.

Kuna kipimo cha damu. Wanachukua kidogo tu mkononi na wanahesabu. Daktari ameniandikia jina la kipimo hicho kwenye kikaratasi, nimekiweka humu. Mpe mtu wa hospitali, usimweleze mengi kama hutaki, mwambie tu miaka ishirini na miwili, gundi, bila dirisha.

Uliniambia niingie, nisimame, niseme, ninyamaze. Nimefanya. Zilikuwa kurasa kumi na moja na hazikuniua.

Langu nimesema. Bado lako.

Mwanao


9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nangoja majibu, na majibu yalikuwa yananingoja mimi nikayachukue. Tulivutana wiki mbili.

Haikuwa chai. Ni pua. Ilianza mwaka jana, nikasema ni vumbi. Alama za mikononi sikugonga meza. Na ngazi za hapa nyumbani napanda kwa kupumzika katikati, huwa najifanya nakagua ukuta. Haya, nimeandika. Nimesimama, nimesema, sasa nanyamaza kidogo.

Daktari wa sindano ni kijana, nilidhani ni mwanafunzi mpaka alipoanza kuongea. Damu yangu ni pungufu, ya kila aina, ila alisema nimekuja kabla haijawa hadithi nyingine. Kwanza niache gundi siku hiyohiyo. Nirudi kila mwezi wahesabu. Nimerudi mara moja. Imepanda. Kidogo, lakini imepanda. Kama hiyo benzeni yako, ila kwa kwenda juu.

Kumwambia Fundi Mkuu ndiko kulikokuwa kugumu. Nilidhani atanipa mkono wa kwaheri. Nikamwonyesha ile karatasi yako yenye mlingoti. Akauliza, "Mama Gundi, hii ni nini?" Nikamwambia, "Ni lebo, iliyoandikwa na mtu mkweli." Amerudisha mapipa mawili kwa waliomuuzia na amebomoa ukuta wa nyuma kuweka dirisha. Wenzangu wa gundi wanne nao wamekwenda kupimwa.

Mimi nimehamia kwa washonaji. Mwanangu, ni aibu. Sindano sikuwa nimeishika tangu ujana. Wasichana wa pale wananiita Mwanafunzi. Mmoja, mdogo kuliko wewe, alifumua mshono wangu mbele yangu akasema, "Mama, rudia." Nikarudia. Ila pale nakaa dirishani, naona barabara yote, na jioni nguo zangu hazinuki kitu. Mtoto wa kaka yako alikuwa akilia nikimbeba. Sasa halii. Nilidhani ananichukia, kumbe alikuwa ana pua nzuri.

Mshukuru yule mama mwembamba.

Shangazi yako


26 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika jana mchana. Nilishuka posta nikiwa na bisibisi mfukoni, kama kawaida.

Karani aliniletea huku ameishika kwa vidole viwili akauliza nani katuma kitu hiki. Bahasha imeshonwa! Uzi wa viatu, pande zote nne. Nilikaa kwenye ngazi za posta nikaifumua kwa kiwembe cha kuazima, na sikuwa na haraka. Mishono ya upande wa kwanza imepinda kama mwandiko wangu. Wa pili nafuu. Upande wa mwisho imenyooka sawasawa, ningeweza kuipima kwa rula.

Kisha nikainusa, mbele na nyuma. Daktari naye akapunga mkono wake, akainusa, akanirudishia.

"Uzi," akasema.

Mwanao